Kwenye Kituturi Naingia Peke Yangu

Angela,

Makande yapo jikoni, usiache moto uzime. Ndama usimfungulie mpaka nirudi. Mimi nimetangulia shuleni kupiga kura. ~~Nitarudi saa sita.~~ Nitarudi nikimaliza, na asiniulize mtu.

Baba yako akirudi kutoka kuogesha ng'ombe joshoni atataka kujua kwa nini sikumsubiri. Msomee karatasi hii yote, usiruke mstari.

Asubuhi nikiwa nakamua, alikuja kuniambia kwamba macho yangu yamechoka, kwa hiyo ataingia na mimi kwenye kituturi anionyeshe pa kuweka alama. Eti nyumba moja, kura moja. Niliendelea kukamua tu kwa sababu nilikuwa nimeshika kibuyu cha maziwa. Macho haya mabovu ndiyo yanachambua mawe kwenye maharage anayokula kila siku, na hajavunjika jino hata moja. Kitandani tunalala wawili, sawa. Kwenye kituturi anaingia mtu mmoja.

Ni kweli maandishi madogo yananisumbua. Ndiyo maana nimechukua miwani ya baba yako pale dirishani anapoiacha akienda joshoni, isirukiwe na dawa. Nimeijaribu kwenye kitabu cha nyimbo, naona mpaka nukta.

Najua bila miwani hiyo hata sura yako anaikisia. Mwambie asihangaike kuitafuta. Kama ana haraka ya kupiga kura, aje tu hivyo hivyo. Nitaingia naye nimwonyeshe pa kuweka alama.

Mama yako