Ngozi Iliyobanduka Kitisuru

Katikati ya Jiji,
Nairobi.
4 Agosti 2025

Kaka yangu mpendwa Mwanzia,

Habari za Doha, na za hicho kifua chako? Umeacha sigara au bado unatudanganya? Sisi tu wazima, ila Julai ilitutesa kwa baridi. Hata ofisini tulikaa na makoti.

Nimesoma uliyoandika. Binti yako Kavutha ameharibu kazi ya mwaka mzima, unasema, kwa hivyo aache masomo aje akae kaunta dukani kwako. Mimi siandiki habari ya kusikia kwa watu. Nilienda mwenyewe maabarani kwao, Kitisuru.

Anakuza ngozi ya kufunika vidonda vya walioungua. Ndani ya sahani zake, chini kabisa, kumeoteshwa minyororo ya polima, yaani molekuli ndefu kama nyuzi, midogo mno kuonekana kwa macho. Katika joto la mwili hujikunja na kuyakataa maji, na seli za ngozi hushika juu yake. Joto likishuka chini ya digrii thelathini na mbili, minyororo hunywa maji, hunyooka, na ngozi hubanduka bila kisu.

Mwezi uliopita stima ilipotea, kabati la joto likapoa, ngozi zote zikabanduka kabla ya kukomaa. Mkuu wake, Daktari Okinyi, akasema Kavutha amezikwangua kwa uzembe, na kwamba atamwondoa.

Kavutha hakulia. Alimwita Okinyi nami nikiwa pale.

"Leo pia utasema ni stima?" Okinyi akamchokoza.

"Leo ni mimi, Daktari. Wewe angalia tu, usiguse kitu."

Akaacha sahani mbili za ngozi changa aliyokuza kwa jaribio hilo zipoe mezani, moja yenye minyororo, nyingine ya kawaida. Kwenye ya kawaida ngozi haikusogea. Kwenye ile yenye minyororo ukingo wa ngozi ulijikunja, kisha ngozi yote ikaelea kama utando wa maziwa. Kona moja ilichanika. Hilo pia naliandika.

"Rudia," Okinyi akaamuru.

Kavutha akarudia kwa sahani nyingine. Ikawa vilevile.

"Haya, Jumatatu tunaanza upya," Okinyi akasema. "Jenereta nitatafuta mimi."

Kwa hivyo haji, Mwanzia. Usimtumie tiketi, wala usimpigie Mama simu ili alie kwa niaba yako. Ukitaka kugomba, gomba na mimi. Namba yangu unayo.

Nisalimie wifi Jacklyne na mwanao Mutinda. Mungu awalinde nyote, na wewe akupunguzie hasira.

Dada yako akupendaye na asiyekuogopa,
Ndunge