Tairi Zimenionyesha Mke Wangu Ana Mtu Nakuru

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla ya Jumapili, maana siku hiyo naenda na wazee kwa wakwe zangu Waithaka na sitaki kuaibika. Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na moja, naishi Kileleshwa na mke wangu, Mama Debra, na kazi yangu iko katikati ya jiji ambako kupata pa kuegesha ni vita, kwa hivyo gari nilimwachia yeye aende nayo Spring Valley anakofunza nasari, safari ya dakika kumi tu, lakini tangu Februari, wiki ile nilipoingia shimo moja kubwa nikimrudisha mama mkwe kwake, tairi za mbele zikaanza kuisha kwa njia isiyoeleweka, nikanunua mpya, baada ya miezi minne nyaya zinaonekana, nikanunua tena, ikawa hivyo hivyo, na petroli pia haikai. Mwenzangu wa ofisini, Zadock, akaniambia hiyo si Spring Valley, hiyo ni Nakuru kila wiki, na mimi nikajiuliza, Nakuru ana nani?

Nilipomuuliza mke wangu akasema gari inavuta kushoto mpaka mikono inamuuma, na kwamba aliniambia zamani nikamjibu wanawake hawajui kushika usukani, ambayo ni kweli nilisema. Hata fundi wa tairi, Muthama, alianza kuniletea maneno ya alaimenti, eti magurudumu yanyooshwe, nikamwambia nimekuja kuwekewa tairi, si kufunzwa gari. Nilipomtajia Mama Debra huyo mtu wake wa Nakuru alilia, akaweka funguo mezani, akachukua mtoto akaenda kwa mama yake.

Sasa kinachoninyima usingizi ni kwamba hii ni wiki ya saba tangu aondoke, gari naendesha mimi mwenyewe, na tairi mpya zimeanza kulika tena upande wa ndani, kwa hivyo nimeelewa kwamba ana funguo nyingine na anakuja kuichukua nikiwa kanisani. Gari yenyewe haina shida, nikiupinda usukani kidogo kulia inaenda sawa kabisa. Je, nimbane mbele ya wazee, au nimpigie simu kwanza akiri?

Aliyesalitiwa, Kileleshwa

*

Bwana Aliyesalitiwa,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikimsomea mwenzangu hapa ofisini kwa sababu nilipomsimulia hakuamini. Mwanamume mzima unakosa usingizi ukimshuku mkeo kwamba anaiba gari wakati wa ibada, na kwenye dashibodi, mbele ya pua yako, kuna mita inayohesabu kila kilomita. Nakuru kila wiki ingeonekana hapo. Uliitazama? Hukuitazama, kwa sababu jibu ulikuwa nalo tayari.

Eti gari halina shida, ila uupinde usukani kulia ndipo liende moja kwa moja. Hebu yarudie maneno hayo kwa sauti ujisikie. Magurudumu yako ya mbele yalikaa upande siku ulipoliingiza gari shimoni, na aliyeshika usukani siku hiyo ni wewe, si mwanamke. Kila gurudumu linaelekea kwake, kwa hivyo tairi haibingiriki, inaburutwa kwenye lami, inalika ndani huku nje ikiwa bado mpya. Injini nayo inahangaika kulisukuma gari linalojizuia, petroli inakwisha. Huyo ndiye mwanamume wa Nakuru.

Mkeo alikuambia. Muthama, ambaye kazi yake ni tairi, alikuambia. Ukaona heri umsikilize Zadock, ambaye sidhani amewahi hata kuinama kulitazama hilo gari.

Kesho asubuhi lipeleke kwa mwenye mashine ya alaimenti, si wa kupima kwa kamba na kufumba jicho moja. Hata saa nzima haitaisha. Baada ya hapo lirudishe kila miezi sita, na kila ukiingia shimo la kukugonganisha meno. Tairi zitadumu, petroli itakaa, usukani utakuwa mwepesi, na ukikanyaga breki ghafla kwenye mvua gari halitakutupa kando. Hapo ndipo nilipokasirika kweli. Karibu mwaka mzima mama wa mtoto wako ameendesha kitu hicho akipigana nacho, akakueleza, nawe ukamwita mzinzi.

Jumapili wazee wabaki makwao. Nenda Waithaka peke yako, na usianze na habari za gari. Mwambie mbele ya mama yake, "Nilikusingizia," kisha unyamaze, bila "lakini" yoyote. Jumatatu ukamwambie Zadock kwamba ulimsingizia, na wote mliokaa mkimjadili mkeo kwenye chai ya saa nne.

Akikubali kurudi, mshukuru Mungu, maana si kwa wema wako. Akikataa, usiniandikie tena. Nitakuwa upande wake.

Waceke