Ngege Tisa wa Asembo

Kisumu, 3 Februari 2024

Mpendwa Baba,
Mko aje hapo nyumbani? Mvua imefika? Mimi ni mzima, kazi tu ndiyo nyingi. Hapa kituo cha utafiti wa samaki tumetafuta ngege wa asili mpaka tumechoka. Wengi tunaowapata ziwani wamechanganyika na samaki wa kigeni. Wale safi ninaowajua wako kwenye kidimbwi unacholinda, ndani ya mafunjo. Nipe ishirini tuwazalishe kwenye matangi kabla hawajaisha.
Binti yako,
Caren

Asembo Bay, 11 Februari

Caren mama,
Tuko salama, mvua bado. Samaki hapana. Mtoto wa ziwa umlee kwa tangi, umlishe unga? Miaka kumi na tisa hakuna mtu ametupa wavu hapo. Mafunjo yakiwepo, ngege wako.
Baba yako,
Dalmas

Kisumu, 2 Machi

Baba,
Hujambo kweli? Dorca muuza samaki ameniambia mafunjo yameungua na husemi na mtu. Nijibu hata mstari mmoja.
Caren wako

Asembo Bay, 9 Machi

Mama,
Nisamehe, hata salamu sina. Ni baba yako mdogo Okinyi alichoma, apande nyanya. Nikamwambia, “Umeua samaki.” Akanijibu, “Ndugu yangu, hao samaki hata huwali. Watoto wangu watakula mafunjo?” Nikashuka kidimbwini. Maji yalijaa majivu, ngege wakaelea wamekufa. Nimepata tisa wazima, Dorca anakuletea kwa mtungi. Nilikosea kukunyima.
Baba

Kisumu, 20 Aprili

Baba,
Natumai unalala vizuri, mimi silali. Jumapili stima ilipotea, pampu ya hewa ikasimama. Ilikuwa zamu yangu, nikachelewa kuwasha jenereta. Sita wamekufa. Kati ya watatu waliobaki, jike mmoja ana mayai mdomoni, anayaatamia. Lakini hata wakizaliana, tutawarudisha wapi?
Binti yako,
Caren

Asembo Bay, 28 Aprili

Caren mama,
Pole. Usijiue kwa mawazo. Nilimwomba Okinyi aache hatua thelathini kando ya maji bila kulima. Alikataa mara tatu. Ya nne nikampa shamba langu la juu alime, akakubali. Leo tumepanda mafunjo sisi wawili, matope mpaka magotini. Tulipomaliza akanawa miguu, akauliza, “Yule mwenye mayai, bado yuko hai?” Nikamwambia sijui, nitamuuliza Caren.
Niandikie upesi. Ameshakuja kuuliza tena.
Baba yako,
Dalmas