Porsche Imekwama Cibitoke

Jaffar, uko hapo? Najisikia vibaya sana.

Unajua tangu niuze ile Probox, natembea na Porsche kila siku, dukani, sokoni, musikitini. Leo asubuhi imekwama Cibitoke, tumbo ya gari imekaa juu ya dodani, lile tuta la barabarani. Mbele haiendi, nyuma haiendi. Watu wamejaa, wanapiga picha, wanacheka.

Wanaume sita wakaja kuinyanyua. Mumoja wao Marcellin!! Marcellin wetu, tulikaa naye banki moja darasani miaka sita!

Nikafikiri atanitukana kama zamani, tucheke. Apana. Akasema, "Patron, toka kwanza, gari iwe nyepesi."

Patron. Mi, bosi wake!

Nikamwambia, "Marcellin, ni mi, Ilyas."

"Nakujua, patron."

Wakainyanyua. Nikamuomba apande nimupeleke kazini, kiti kiko wazi. Akaangalia suruali yake, imejaa sima ya kujengea. "Apana, nitachafua." Akaenda kwa miguu. Nimemuita mara mbili, hakugeuka.

Sasa nimefika nyumbani Gihosha, bado niko ndani ya gari. Nimetafuta namba yake kwa simu yangu yote. Sina, Jaffar. We unayo?