Dripu ya Mama Cherehani

Jumatatu, 9 Machi

Siku ya sita bila mapumziko. Miguu si yangu. Asubuhi kalazwa fundi nguo mmoja, mama wa makamo, kaletwa na mwanawe fundi bomba. Kutapika na kuhara siku tatu, presha iko chini. Nikampima kwa ultrasaundi palepale kitandani. Ule mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo umesinyaa, akivuta pumzi unapotea kabisa. Amekauka. Dripu ikaanza.

Jioni mama kaniuliza nani kanishonea koti langu la udaktari, mkono mmoja mrefu kuliko mwenzake. Nimecheka. Wodi nzima sasa inamwita Mama Cherehani.

Jumanne, 10 Machi

Presha imepanda, ila anahema. Mkojo kidogo mno. Nimepima tena: mshipa umejaa, hautikisiki. Kwenye mapafu mistari myeupe — maji yameanza kuingia. Nikafunga dripu, nikamwarifu sista. Chupa nikaiacha inaning'inia. Nilitaka kukaa chini tu.

Mwanawe hakufurahi. Midomo ya mama imepasuka, na mimi namnyima maji? Nikamweleza kwamba maji yamezidi, figo bado hazijaanza kazi. Akasema sawa. Sawa ya mtu ambaye hajakubali.

Jumatano, 11 Machi

Nimeingia wodini saa moja asubuhi. Mama Cherehani kakaa kitako, anatafuta pumzi, hawezi kumaliza neno. Chupa tupu! Oksijeni, sindano ya kukojoza. Mapafu yote mistari.

Sista anaapa hakuigusa. Mwanawe kanifuata kwenye korido.

"Nilifungua mimi, dada. Alikuwa ananiomba maji."

Akauliza kama mama anakufa. Nikamwambia sijui. Nikampa kazi: akae auangalie mfuko wa mkojo, ukianza kujaa aniite.

Saa nne. Hajaita. Daktari mkuu anataka maelezo kwenye faili kabla ya saa sita: nani kafungua dripu? Nimeandika kiasi kilichoingia. Nimeandika kwamba chupa niliiacha mimi, ilhali ningeitoa kwa sekunde kumi. Mwanawe bado sijamwandika. Nimekalia kuandika humu.

Huyo ananiita. Dada, njoo uone. Kwa sauti yake siwezi kujua ni mkojo au —