Karanga katika Makaratasi ya Lukombwe

MAELEZO YA SHAHIDI

Mahali: Kituo kidogo cha polisi karibu na soko, Bukavu
Tarehe: Jumanne, 12 Machi 2002, saa nane mchana
Mbele ya: Xavier Bisimwa, ofisa mpelelezi
Kuhusu: Adalbert Mubigalo, anayeshikiliwa kwa tuhuma ya kuiba makaratasi ya serikali

Naitwa Consolate Nabintu, nina umri wa miaka arobaini na moja. Asubuhi ni mwalimu wa darasa la tano katika shule ya msingi. Mchana nauza karanga za kukaanga sokoni, kwa sababu mshahara wa ualimu niliuona mara ya mwisho kabla ya hii vita ya pili. Nakaa Nyalukemba pamoja na watoto wangu wanne. Nimekuja kwa hiari yangu. Shefu Xavier mwenyewe anajua, maana tangu asubuhi nimekaa kwenye benchi yake ya nje nikingoja anisikilize.

Nimesikia kwamba muzee Adalbert amefungiwa kasho tangu Jumamosi kwa kosa la wizi. Nimekuja kueleza jinsi yale makaratasi yalivyotoka depo, ghala la serikali, hadi kitandani kwake. Njia yake naijua yote, kwa sababu yalipitia mikononi mwangu.

Mnamo mwezi wa kumi na moja mwaka jana, Jumapili, nikiwa nimerudi misani, Placide alikuja nyumbani na gunia kichwani. Placide ni mlinzi wa depo moja ya serikali hapa mjini. Tunajuana kwa sababu mtoto wake alipita darasani kwangu. Aliniuliza kama nahitaji karatasi za kufungia karanga. Nilifungua gunia nikaona karatasi za zamani, nzito, ngumu, zile ambazo mafuta hayazipenyi haraka. Muuzaji yeyote wa karanga angefurahi. Siku zile nilikuwa nafungia kwa madaftari ya wanafunzi wangu yaliyokwisha, ambayo ni mepesi, na karanga zinamtoka mnunuzi kabla hajafika barabarani.

Nilimuuliza alikozitoa: "Placide, hizi umezitosha wapi?"

Akajibu: "Ni makaratasi ya batu ya porini, maman. Hata benyewe balishakufaka. Panya banakula tu."

Sikuuliza tena, nikanunua. Placide naye halipwi, na ana watoto sita. Kuanzia Jumapili hiyo alileta gunia jingine kila nilipoishiwa, na wauzaji wenzangu wakaanza kuchukua kwake pia.

Shefu ameniuliza kama nilizisoma. Mimi ni mwalimu, siwezi kushika karatasi bila kuisoma. Niliona ni vyeti vya kuzaliwa, vya ndoa na vya vifo, pamoja na karatasi za viwanja, vyote vyenye muhuri wa Lukombwe. Hicho ni kijiji kikubwa cha wachimba dhahabu, kule bondeni Mwenga. Niliona majina ya wachimbaji, wake zao, na wengine waliofukiwa shimoni. Nikajiambia ni mambo ya zamani, nikakunja, nikatia karanga. Asubuhi ya siku hizohizo nilikuwa nawafundisha watoto historia ya wafalme wa Ubelgiji, na ninawachapa wasipokumbuka miaka yao. Nikilifikiria hilo sasa naona aibu.

Muzee Adalbert alianza kuja mwezi wa kwanza mwaka huu. Ni mzee mrefu mwenye koti la kijani lililopauka, na mdomoni amebaki na meno ya kuhesabika. Alinunua karanga kila siku. Jambo la kwanza lililonishangaza ni kwamba alikuwa anachagua karatasi, si karanga. Alikuwa anasema: "Maman, si hii. Nipatie ile ya chini." Euphrasie, ambaye anauza mandazi pembeni yangu na hajui kunyamaza, alianza kunitania. Kila akimwona anatokea alipaza sauti: "Consolate, jitengeneze! Bwana arusi yako iko anakuya!"

Siku moja nikamfungia karanga, naye papo hapo akazimwaga tena kwenye beseni langu, akainyoosha karatasi gotini, akaipuliza chumvi. Nilikasirika. Nilimwambia asinirudishie karanga zilizoshikwa na mikono yake, watu watasema nauza uchafu.

Aliniambia: "Maman, meno sina. Karanga kula mwenyewe. Lakini hii iko mutoto ya Kyalumba. Alizaliwaka siku ya Noeli, mvua inanyesha, baba yake alikuya kumuandikisha na matope ya shimo mpaka hapa. Na wewe unamutia mafuta?"

Euphrasie alicheka hadi akashika tumbo. Mimi pia nilicheka. Muzee hakucheka. Alinionyesha chini ya karatasi, penye sahihi, kisha akachukua kipande cha mkaa jikoni kwa Euphrasie akaandika sahihi ileile kwenye ubao wa meza yangu. Zilifanana kabisa.

Hapo ndipo alipoeleza. Alikuwa karani wa uzazi, ndoa na vifo pale Lukombwe tangu ujana wake. Vita ilipoanza mwaka 1998 na watu wakaanza kukimbia, wengine walibeba magodoro, wengine mbuzi. Yeye alimwomba mfanyabiashara mmoja nafasi kwenye lori akapakia masanduku ya ofisi. Mke wake alibeba nguo peke yake kwa miguu, na walikutana tena baada ya majuma mengi. Mke huyo, ambaye sasa ni marehemu, hakumsamehe kwa hilo hadi alipofariki. Muzee alipofika Bukavu aliyakabidhi masanduku kwenye ile depo, akaambiwa asubiri vita iishe. Alisubiri. Halafu siku moja alinunua andazi kwa Euphrasie, akakuta limefungwa kwa mwandiko wake mwenyewe.

Nilimwuliza kwa nini hakwenda kulalamika. Alisema alikwenda ofisi tatu, na kila moja ilimwambia alete maandishi.

Mnamo mwezi wa pili, siku ya mvua kubwa ambapo hakuna aliyenunua kitu, nilikwenda kumwona kwake. Anapanga chumba kimoja huko juu Kadutu. Nilikuta kitanda kizima kimefunikwa na karatasi, na juu ya karatasi amenyunyiza unga wa muhogo. Nilidhani muzee amechanganyikiwa. Aliniambia unga unavuta mafuta. Ukikaa siku mbili, unaukung'uta, karatasi inasomeka. Yeye alikuwa analala chini, kwenye mkeka. Na unga ule, shefu, ni unga wa kula. Nikiwa bado pale aliingia mjane mmoja aliyekimbia kutoka Lukombwe. Shemeji zake walikuwa wanamwambia hakuwahi kuolewa, kwa hiyo kiwanja cha mumewe si chake. Alitoka na cheti cha ndoa kinachonukia karanga, amekishika kwa mikono miwili. Muzee hakumdai kitu.

Siku hiyo aliniomba nimpe rundo lote lililobaki nyumbani. Nilimjibu kwamba siwezi, maana karanga nitazifungia wapi? Tulikubaliana abadilishe, karatasi kwa karatasi. Alikuwa analeta mifuko ya saruji aliyoipasua vizuri, na magazeti ya kanisa. Lakini mifuko haikutosha, na soko halingoji. Zilipokwisha zake niliendelea kufungia kwa zile za Lukombwe, na nilikuwa nimeshajua ni za nini. Nilikuwa nawaambia wanunuzi: "Musitupe karatasi, murudishe." Wengine walirudisha. Wengi walipangusia mikono wakatupa kwenye mtaro, na mtaro wetu unashuka hadi ziwani. Hilo linaniumiza kuliko kitu kingine chochote, na sijui nimwambie nani pole, kwa sababu wenyewe siwajui isipokuwa kwa majina.

Jumamosi tarehe 9, kama saa nne asubuhi, polisi wawili walipita sokoni. Tulisikia kwamba wakubwa wamefungua ile depo wakakuta tupu, na Placide ameapa kwamba hajui lolote. Polisi waliuliza nani ana makaratasi yenye muhuri. Wote tuliingiza mabeseni yetu chini ya meza. Euphrasie, kwa mazoea yake ya utani, akasema: "Muulize bwana arusi ya Consolate, yeye njo iko na yote!" Wenzangu walicheka, na mimi nikacheka. Nilidhani watacheka nao, wapite. Wakauliza anakaa wapi, na mtoto mmoja akawaonyesha.

Nilifunika karanga zangu nikawafuata. Nilipofika walikuwa wameshakung'uta kitanda, unga umejaa chumba kizima, na wanasukumiza karatasi kwenye gunia. Muzee hakusema kwamba hakuiba. Alikuwa anasema neno moja tu: "Musikunje. Baba, musikunje." Walimtoa na unga kichwani. Watu wa mtaani walimcheka, wakisema mwizi wa mikate amekamatwa.

Kwa hiyo nasema wazi: Adalbert Mubigalo hakuiba. Makaratasi yalitoka depo kwa mkono wa Placide, nikayanunua mimi na wenzangu, na yeye akayanunua kwetu moja moja, kwa karanga asizoweza kutafuna. Sisemi haya ili Placide aingie kasho mahali pake. Kama serikali inatafuta wa kufunga kwa ajili ya makaratasi hayo, tuko wengi, na baadhi yetu hawauzi karanga.

Kuna jambo jingine naomba liandikwe. Ukurasa wa kwanza wa maelezo haya shefu ameuandika kwenye karatasi yake ya mwisho. Ilipojaa, nimemwona anaingiza mkono kwenye lile gunia la muzee, anatoa nyingine mbili, anazigeuza, anaendelea kuandika mgongoni. Nimemwambia: "Shefu, unafanya nini? Hiyo njo tunaongelea!"

Amenijibu: "Maman, karatasi nitatosha wapi? Tangu Noeli hatujapata hata moja. Unataka muzee atoke ao hautaki?"

Ni jibu langu lilelile nililompa muzee kuhusu karanga.

Nimeomba basi angalau anisomee kilicho upande wa pili, na shefu amekubali. Karatasi ya kwanza ni ya mtoto wa kike, Wabiwa Feza, aliyezaliwa Lukombwe tarehe 3 Juni 1974. Baba ni Sumaili, mchimbaji. Mama ni Mwamini, mkulima. Ya pili ni ndoa ya Kitoga na Cibalonza, ya mwaka 1981. Mashahidi wao hawasomeki kwa mafuta. Nimeomba majina haya yaandikwe humu ndani ya maelezo yangu, ili yawepo pande zote mbili. Shefu ameniambia hayahusiani na kesi. Nimemwambia yanahusiana. Ameyaandika.

Sina zaidi. Niliyoyaona kwa macho yangu na niliyoyafanya kwa mikono yangu ni hayo, nimesomewa na nimekubali kwamba ndivyo nilivyosema.

(Sahihi) Consolate Nabintu

MAANDISHI YA OFISA

Maelezo yamechukuliwa bila kumlazimisha shahidi, na kumalizika saa kumi na nusu jioni. Yamejaza kurasa tatu, mbili kati yake zikiwa mgongoni mwa vielelezo kwa kukosa karatasi.

Baada ya kumpigia simu mkubwa wangu, mtuhumiwa Mubigalo ameruhusiwa kurudi kwake kwa muda. Gunia linabaki hapa kama kielelezo. Ameelezwa hivyo. Ameomba arudishiwe angalau zile karatasi mbili, akakataliwa kwa sababu sasa ni maelezo ya shahidi. Ameuliza kama wino wangu umepenya upande wa pili. Nimeangalia. Umepenya.

Mtuhumiwa hajaondoka. Anasema hawezi kuyaacha makaratasi peke yake tena. Saa hii ni saa moja usiku, yuko kwenye benchi ya nje pamoja na shahidi, ambaye amempelekea chai na viazi laini.

X. Bisimwa