Saba Iliyovunjika Mguu

Jumatatu, 3 Juni

Bibi kizee kaletwa leo, kabebwa juu ya lori. Landrova, zile za mwanzo kabisa, anakaribia umri wa baba yangu. Kutu mpaka kwenye roho. Kuku wamekuwa wakitaga kwenye kiti cha dereva – nimekuta yai, na kuku mmoja aliyesafiri nalo!

Mwenyewe ni daktari wa meno, mstaafu, mtu safi mno kwa gereji. Gari lilikuwa la marehemu baba yake. Anasema namba ya chasisi iko katika mia za kwanza kutengenezwa, na chama cha magari ya kale kitampa cheti kikishapata historia kamili ya gari, yenye sahihi ya fundi. Yaani mimi.

Nikamjibu kwa sauti nene kwamba gereji hii haijawahi kumdanganya mteja tangu baba aifungue. Na ni kweli. Nilipokuwa na miaka minane baba alinichapa kwa kuokota nati ya mteja. Nati moja! “Nati ya mtu,” fimbo, “ni ya mtu,” fimbo. Makalio yangu yanakumbuka.

Jumatano, 5 Juni

Siku nzima ofisi ya leseni. Karani alidai mafaili ya zamani yameliwa na panya. Nikamwambia nitasubiri panya amalize. Saa tatu baadaye faili hilo hapo, zima! Mmiliki mmoja tu tangu mwanzo, namba ileile, miaka nenda rudi. Gari lilianza safari kabla baba yangu hajashika spana.

Daktari naye kaleta picha. Kitoto kimekaa juu ya boneti, mapengo mawili mbele, kinacheka. Ndiye yeye. Alisema, “Hapa ndipo baba alinifundisha usukani,” halafu akageuka akajifanya anakagua tairi. Nikamwacha akague.

Ijumaa, 7 Juni

Chuma cha nyuma cha chasisi kilikuwa kimeoza, unakitoboa kwa kidole. Nimechomelea kipya. Mshono kama wa cherehani! Nikagonga alama ya gereji na tarehe, 7-6, kwa zile chapa za chuma za baba, kila tarakimu na yake, kama ninavyofanya kila kazi. Sifa zikanizidi. Daktari kapiga picha, kairusha kwenye kundi la chama. Watu arobaini wameweka dole gumba.

Jumapili, 9 Juni

Afadhali ningelala leo.

Nilikuja kusugua rangi pale karibu na springi ya mbele, kwenye namba yenyewe. Kijani, chini yake kijivu, chini yake chuma. Namba ikatokea, tarakimu sita, saba zikiwa mbili. Nikafurahi kama mjinga. Kisha nikaangalia vizuri.

Saba zote mbili zimekatika mguu.

Chapa ya saba niliivunja mimi! Nilikuwa na miaka kumi na moja, nagonga jiwe nione kama litaandika. Tangu siku hiyo kila saba ya gereji yetu ni kilema. Kiwanda gani, miaka mingi kabla sijazaliwa, kilitumia saba niliyoivunja mimi? Ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini. Kumbe na saba.

Nimekaa chini ya gari na yule kuku. Karudi kutafuta kiti chake.

Jumatatu, 10 Juni

Nimemuuliza baba. Alikuwa sebuleni na redio yake, lile sanduku la mbao ambalo limekuwapo tangu utotoni mwangu. Akasema masikio siku hizi hayamsaidii. Mtu huyohuyo anasikia kifuniko cha kopo la sukari akiwa chumbani!

Nikarudia kwa sauti. Akaongeza redio.

Jumatano, 12 Juni

Kasema. Bila kuulizwa, katikati ya chai.

Gari la kwanza lilizama mtoni, likaenda lote. Baba yake daktari alikuja gereji analia. Mwanawe, huyu daktari, yuko masomoni mbali, kila barua anauliza gari halijambo. Basi akatafuta jingine la aina hiyohiyo, skrepa, halina kadi wala mwenyewe. Baba yangu akasaga namba ya gari lililo hai, akaligongea ya lile lililozama. “Ilikuwa huruma tu, mwanangu.”

Nikamuuliza huruma hiyo alilipwa nini.

Macho yake yakaenda kwenye redio.

Redio! Ileile! Nimesikiliza hadithi za watoto humo! Nilimwambia, “Na fimbo za nati je?” Akasema nati ilikuwa ya mtu. Nikatoka nje nikacheka mpaka nikashika ukuta, halafu nikagundua sicheki tena. Nimemkasirikia. Nampenda. Yote mawili kwa pamoja yanachosha.

Ijumaa, 14 Juni

Mkaguzi wa chama anakuja kesho, saa nne.

Nimepiga hesabu za mwizi. Namba ya bandia iko mbele, tarehe yangu iko nyuma, saba ni ileile. Hata mkaguzi wa macho ya chongo ataona ni mkono mmoja, na mkono ulioko gereji leo ni wangu. Kuisaga tarehe yangu? Watu arobaini wameshaiwekea dole gumba. Kusaga namba tena? Basi nitakuwa mtoto wa baba yangu kwelikweli.

Nikitia sahihi, nimedanganya. Nisipotia, nimemfanya mzee wa miaka themanini mhalifu mbele ya watu, nimemnyang'anya na daktari gari la baba yake. Nikinyamaza, mhalifu ni mimi. Karatasi ya sahihi iko mezani tangu asubuhi. Nimeiwekea kikombe juu.

Baba kauliza kesho ni saa ngapi. Masikio yamepona.

Jumamosi, 15 Juni

Naandika chooni. Nimesema tumbo.

Mkaguzi ni mtu mpole, ndiyo hatari. Kajilaza chini na lenzi, mbele, kisha nyuma, kisha mbele tena. Akatoka, akajipangusa magoti, akasema, “Fundi, naomba kuona sanduku lako la chapa.” Hakuna zaidi. Daktari akanitazama kama mgonjwa aliyeambiwa afungue kinywa.

Baba alikuwa amefika mapema, koti lake la harusi za watu, redio kwapani. Nilidhani ni kwa ajili ya mpira.

Nimechukua sanduku stoo, nikapita nalo moja kwa moja huku. Liko magotini. Nimelifungua. Sifuri, moja, mbili, zote zimekaa kwenye vitundu vyake. Kitundu cha saba ni kitupu.

Nimechungulia kidirishani. Baba kakaa juu ya tairi, mkono mmoja mfukoni, anatazama juu kama mtoto aliyeokota nati.

Sasa kasimama. Anamwendea daktari.

Mlango unagongwa. Sauti ya daktari: “Fundi? Fundi, samahani. Mbona mzee ananikabidhi redio na kipande cha chuma? Anasema ni vyangu.”

Nimevuta maji ili nipate nusu dakika kabla ya kufungua mlango.